Tuta, gunia au vyungu: bustani ipi itakuvusha mwaka mzima?

Kila mwaka masika yakishanyesha wiki mbili mfululizo, mtaani kwetu kila mtu hugeuka mkulima. Mwenye uwanja analima tuta, mpangaji anazunguka madukani kuomba magunia matupu, na wa ghorofani anatoboa ndoo iliyovunjika mpini. Kufika Mei mchicha umejaa hadi majirani wanagawiana bila kuombana. Ukipita njia hiyohiyo mwezi wa kwanza utakuta tuta limekuwa mahali pa kuegesha bodaboda, magunia yamechanika ubavu, na ndoo zimerudi bafuni.

Naona kosa ni kwamba tunachagua bustani kwa macho ya Aprili. Aprili hata mbegu ya nyanya uliyotema uani inaota. Kwa hiyo njia hizi tatu nimezipima kwa swali la Januari: jua likiwa utosini, mvua hakuna na bomba linatoa pumzi tu, ipi bado itakuwa na kijani cha kutia sufuriani? Na ikishavuka hapo, itapokeaje mafuriko ya Aprili?

Naandika nikiwa Dar es Salaam, hivyo majira ninayoyataja ni ya pwani: masika Machi hadi Mei, kipupwe Juni hadi Septemba hivi, vuli Oktoba hadi Desemba, kisha kiangazi chenyewe Januari na Februari. Tanga na Mombasa hawatofautiani sana nasi. Aliye Dodoma au Mbeya, ambako mvua ni msimu mmoja tu kuanzia Novemba au Desemba, asogeze kalenda yake. Wa Njombe ana shida nyingine kabisa, maana huko Julai umande unaweza kuganda juu ya majani.

VIPIMO

Wengi huanza na nafasi. Mimi naiweka mwisho, kwa sababu nimeona uwanja mkubwa ukikauka na kibaraza chenye upana wa mkeka kikilisha nyumba. Kinachoanza ni maji.

Hesabu yake ni nyepesi. Maji yenye kina cha milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mboga za majani kwenye jua la pwani hutumia kama milimita 4 hadi 6 kwa siku. Tuta la mita 1 kwa 5 kwa hiyo linataka lita 20 hadi 30 kila siku isiyo na mvua, yaani ndoo kubwa moja hadi moja na nusu. Kabla hujanunua pakiti ya mbegu, jiulize ndoo hiyo itatoka wapi siku ambayo hata ya kuoga mnagombania. Halafu onja maji yenyewe. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi hiyo itaonekana kwenye majani: kingo zinaungua na kuwa za kahawia hata kama umemwagilia vizuri.

Kipimo cha pili ni mkono. Nani yuko nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni? Kama jibu ni dada wa kazi, basi bustani ni ya dada wa kazi, na yeye ndiye aulizwe anataka ipi. Cha tatu ni udongo na samadi, unavipata wapi na utavibeba vipi. Cha nne, wapangaji mnakijua: ukipewa notisi, bustani inahama au inabaki kwa mwenye nyumba? Mwisho naweka raha, na siiweki kwa utani. Bustani isiyokupa sababu ya kuitembelea asubuhi na kikombe cha chai haifiki mwezi wa tatu.

TUTA LA ARDHINI

Maji. Ardhi ina akiba. Ukimwagilia vizuri leo jioni, mizizi itakuta unyevu chini hata ukichelewa kesho. Kichanga chetu cha pwani hupitisha maji haraka, lakini samadi na matandazo huyashika. Tandaza nyasi kavu au majani ya mgomba unene wa vidole vinne, halafu fukua kidogo saa saba mchana uone tofauti. Kwa wenye maji ya chumvi, tuta lina faida ambayo njia nyingine hazina: masika huiosha chumvi na kuishusha chini, na mwaka unaanza upya. Kwa maji ya aina hiyo spinachi huvumilia. Maharage, karoti na vitunguu hulalamika mapema.

Udongo na kazi. Hapa usidanganywe, kazi ipo. Upana wa tuta usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo uliokwisha kulainishwa. Debe moja la samadi iliyoiva linatosha mita 2 hadi 3 za mraba. Iliyoiva haina joto, hainuki, na inavunjika mkononi kama udongo. Mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi. Kuna palizi. Kuna kuku wa jirani, ambao hawaujui mpaka wa kiwanja. Na kuna adui asiyeonekana, minyoo fundo, anayevimbisha mizizi hadi mche unadumaa bila sababu ya juu juu. Dawa yake kuu ni kubadilisha: nyanya, nyanya chungu, biringanya na pilipili ni ukoo mmoja, basi zisifuatane palepale. Zikitoka, ingiza mboga ya ukoo mwingine.

Mwaka. Tuta ndilo linalobadilika zaidi na majira, na kwangu huo ndio utamu wake. Masika linyanyue sentimita 20 au zaidi ili maji yapate pa kukimbilia. Usisie mchicha wazi wakati huo, mvua moja tu ya usiku itazipeleka mbegu zako kwenye mfereji. Panda vinavyoshika ardhi: marando ya matembele, maboga kwa ajili ya majani, bamia, kunde. Nyanya za Aprili ni karamu ya ukungu, achana nazo. Zisie kitaluni Mei mwishoni, upandikize Juni. Kipupwe ndicho msimu wa dhahabu wa pwani. Jua la upole, usiku wa shuka, wadudu wametulia kiasi. Nyanya, chainizi, spinachi, karoti, vyote vinakubali. Vuli ni mvua ya ahadi, mwaka huu ipo, mwaka ujao inapunga mkono kwa mbali. Sia mchicha kidogokidogo kila wiki mbili, kwani huvunwa wiki tatu hadi nne tu tangu kusia. Kiangazi, lile tuta ulilolinyanyua lishushe liwe kijaruba cha kuzama, kingo juu na mboga chini, ili kila tone libaki. Punguza eneo bila aibu. Theluthi moja yenye bamia, nyanya chungu na matembele inatosha, kwingine funika kwa matandazo ardhi ipumzike.

Raha. Harufu ya udongo mvua ya kwanza ya vuli inapougusa, hiyo hainunuliki. Na tuta linakuruhusu kupanda mpapai pembeni. Ukibahatika ukapata jike, unaweza kula papai la kwanza kabla mwaka haujaisha. Ukipata dume, utakuwa na maua ya kutazama.

Linamfaa anayekaa kwake, au mwenye mkataba mrefu, na nyumba yenye angalau mtu mmoja asiyeogopa jembe.

GUNIA

Kwa asiyewahi kuliona: ni gunia la mahindi lililosimamishwa wima, limejazwa udongo uliochanganywa na samadi, na katikati lina mnara wa kokoto kutoka chini hadi juu. Mnara hujengwa kwa kopo lisilo na kitako. Unaliweka katikati, unalijaza kokoto, unashindilia udongo pembeni, kisha unalivuta juu na kurudia mpaka gunia lijae. Ubavuni unatoboa matundu yenye nafasi ya shubiri moja hivi, yasiyopangana mstari mmoja, na kila tundu linapata mche wake. Nairobi, hasa Kibera, watu wameyalima miaka mingi mahali ambapo hata pa kuweka stuli hapapatikani.

Maji. Unamimina juu, kokoto zinashusha. Mnara ukijengwa kwa haraka udongo huziba, na hapo utaona miche ya juu imenawiri huku ya chini imesinyaa. Gunia langu hunywa kama lita 10 kwa siku wakati wa kipupwe, na karibu mara mbili ya hapo Januari. Zuri ni kwamba maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa, basi nusu ya mahitaji inatoka jikoni. Yenye sabuni yabaki hukohuko.

Udongo na kazi. Kazi yote ni ya siku moja, lakini siku hiyo ni ndefu. Ukishalijaza, palizi karibu hakuna. Chagua mboga za kuchumwa jani kwa jani, kama sukuma wiki, spinachi na mnavu, kwani mchicha wa kung'oa huacha tundu linalomwaga udongo. Gunia moja kubwa hubeba miche 30 hadi 40 ubavuni, na juu unaweka mche mmoja au miwili ya nyanya au pilipili. Kadiri samadi inavyooza udongo hushuka, ongeza juu. Kitambaa cha plastiki nacho huliwa na jua, usitegemee kitadumu zaidi ya mwaka mmoja au miwili. Langu la kwanza lilipasuka Jumapili asubuhi wageni wakiwa sebuleni. Nililisikia kama mtu aliyeanguka.

Kuhusu kuhama, nisikufiche. Watu huliita bustani ya mpangaji kwa kuwa halichukui ardhi, lakini likiloa halibebwi na watu wawili wenye akili timamu. Utahama na mbegu na kokoto. Na usilipandishe kwenye roshani usiyoijua uimara wake.

Mwaka. Masika gunia linang'ara. Maji yanashuka, mizizi haiozi, na konokono wanaomaliza tuta usiku mmoja hupata shida kidogo kupanda. Kipupwe pia halina neno. Mtihani ni kiangazi, ukuta wake unapopata joto kama bati. Upande wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, huungua kwanza. Weka huko matembele yanayoning'inia na kujitengenezea kivuli, au tundika kitenge kikuukuu kuanzia saa nane. Wengine wanalivunja Januari, wanaujaza udongo samadi mpya na kulisimamisha tena Machi. Huo nao ni mpango, siyo kushindwa.

Raha. Kuchuma bila kuinama. Mama yangu, ambaye mgongo ulimfukuza shambani, huvuta kigoda pembeni ya gunia na kuchuma mboga ya usiku huku akisalimiana na wapita njia. Kwa mzee wa aina hiyo sijaona bustani inayolishinda.

Linamfaa mwenye ua wa saruji au kipande cha uchochoro, anayetaka mboga ya majani mara mbili tatu kwa wiki na hana hamu ya kulima.

VYUNGU NA NDOO

Maji. Chungu hakina akiba. Kinaishi kwa siku, kama kibarua. Kipupwe utamwagilia mara moja, Januari asubuhi na jioni, na ukisafiri siku tatu bila kumwachia mtu usitegemee kukuta kitu. Kiasi ni kidogo, lita chache tu kwa vyungu sita au saba, kwa hiyo hata maji ya kununua kwa dumu hayaumi sana. Shida ni chumvi. Haina pa kwenda, inajikusanya hadi unaona ukoko mweupe mdomoni mwa chungu. Kila baada ya wiki chache mimina maji mazuri mengi mpaka yatoke chini, au kitoe chungu nje mvua ya kwanza ikinyesha. Na vile visahani vya kukingia maji vimwage kila mara. Dar ilishapata milipuko ya dengi, ya mwaka 2019 wengi tunaikumbuka, na mbu wake hutaga hasa kwenye vijimaji vya namna hiyo vilivyo karibu na watu.

Udongo na kazi. Sehemu 2 za udongo, 1 ya samadi iliyoiva, 1 ya mchanga au pumba za mpunga, umemaliza. Nyanya apewe ndoo ya lita 20, pilipili itoshe lita 10, mchicha na giligilani wanaridhika na beseni lenye kina cha shubiri. Matundu chini ni lazima. Ndoo zilizobeba dawa za wadudu au kemikali usizipe chakula hata ukizisugua vipi.

Mwaka. Hapa kuna jambo ambalo wengi hugundua baada ya kupoteza miche. Jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Huku kwetu kusini ya ikweta, Juni linapita upande wa kaskazini wa anga na Desemba linapita kusini. Roshani inayotazama kaskazini itakuwa na jua zuri wakati wa kipupwe na kivuli mwishoni mwa mwaka; inayotazama kusini ni kinyume chake. Kwa hiyo aliyekuambia nyanya zinakubali roshani yake huenda anasema kweli, ila ya Julai. Ukishajua hilo, uhamaji wa vyungu unageuka silaha: vinafuata jua Juni, vinakimbilia ukutani Januari. Upepo wa kusi nao, kuanzia Aprili hadi Septemba, hukausha vyungu vya ghorofani kuliko jua lenyewe. Vipange pamoja vikingane, virefu upande wa upepo.

Raha. Kwa kipimo hiki vyungu havina mpinzani. Pilipili mbichi ya kukata juu ya wali, giligilani la kunyunyiza mwisho, mchaichai wa chai ya jioni, vyote umbali wa hatua tatu kutoka jikoni. Kisha mrehani. Nyumba za pwani zimeupanda tangu enzi kwa ajili ya harufu. Zanzibar, Mombasa na Lamu huingia pamoja na asumini kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia ambacho bibi arusi hanyimwi. Ukiupangusa tu kwa kiganja unapopita, chumba kizima kinajua.

Lakini vyungu havishibishi. Mchicha wa beseni ukishakatwa na kupikwa ni vijiko viwili kwa kila mtu. Anayetaka kupunguza bajeti ya sokoni atakatishwa tamaa, anayetaka viungo na furaha atashangaa. Vinawafaa pia watu wa ghorofani na wapangaji wanaohamahama, ambao siku ya kuondoka watavipakia vyungu kwenye kirikuu pamoja na godoro.

KWA HALI YAKO

Una kiwanja, una kisima, lakini kisima ni cha chumvi: chukua tuta, anza na spinachi na mchicha, na uweke bomba la kukinga maji ya bati. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 hukusanya lita zinazokaribia 400, na hizo zitunzie kitalu na vyungu.

Unapanga chumba na sebule, ua ni wa pamoja: gunia moja, mbele ya dirisha lako, siyo mawili. Zungumza kwanza na mama mwenye nyumba, na mavuno ya kwanza mpelekee. Ua wa pamoja una siasa zake.

Unatoka saa kumi na moja alfajiri, unarudi saa mbili usiku: vyungu usivianze hata ukivipenda, isipokuwa mchaichai, ambao husamehe. Tuta lenye matandazo mazito na matembele linaweza kumwagiliwa usiku kwa taa ya simu. Nimefanya hivyo miaka miwili, majirani wamezoea.

Una watoto wadogo: tuta kama lipo, hata la mita 1 kwa 1, na mbegu za kunde na bamia, ambazo ni kubwa vidoleni na huchomoza ndani ya wiki.

Una mzazi anayeumwa mgongo au magoti, basi gunia, na kigoda.

Unaishi nyanda za juu, Lushoto, Arusha au Iringa: kwako kipupwe ni baridi ya kweli, kwa hiyo mbio za nyanya unazokimbia Juni huku pwani wewe zikimbie msimu wa joto. Julai jaza tuta sukuma wiki na kabichi, na vyungu vya mrehani viingie ndani.

Na kama unasoma haya Januari, mikono inawasha na huwezi kungoja mvua: omba kwa jirani marando kumi ya matembele, urefu wa sentimita 30 kila moja, yenye vifundo kadhaa. Chimba kijaruba cha kuzama cha mita 1 kwa 1 mahali penye kivuli cha alasiri, changanya samadi kama nusu debe, laza marando jioni nusu yake ikiwa chini ya udongo, funika kwa nyasi, na uwape lita 5 kila jioni. Baada ya mwezi hivi utaanza kuchuma ncha. Machi mvua zikifika utakuwa na mbegu ya tuta zima, na marando ya kumrudishia jirani.